Kimo cha Kaunta

Kaunta ya zamani ilimfikia Dereva kidevuni. Akisogeza kiti chake cha magurudumu ubavuni mwake, alichokiona ni ukingo wa mbao ulioliwa na maji, kitako cha sufuria, na mpini wa kisu uliochungulia nje kama unamtega. Kwa hiyo alipikia kwenye korido. Jiko dogo la gesi lilikaa juu ya kreti la soda lililopinduliwa, mtungi ukajibanza nyuma ya mlango, na kila aliyetaka kwenda bafuni ilimbidi aikwepe miguu ya Dereva, kisha sufuria, kisha mpira wa gesi, huku akiomba radhi njia nzima.

Watu waliendelea kumwita Dereva ingawa hakuwa ameshika usukani tangu lori lake lilipopinduka. Hakulichukia jina hilo. Alichokichukia ni kukaa bure. Mkewe alikuwa msusi. Alisimama saluni kutwa, vidole vimezama katika vichwa vya watu, na akirudi nyumbani hakuwa na nguvu hata ya kumenya kiazi. Ndipo Dereva alipoingia kwenye mapishi, mwanzo shingo upande, baadaye kwa mapenzi, na mwishowe kwa maringo kabisa. Miaka ya barabarani alikuwa amekula kila aina ya chakula kwenye kila aina ya kibanda, na ulimi wake haukuwa umesahau kitu. Mkewe akaanza kwenda kazini na bakuli la mchana. Wenzake wakaonja. Wenzake wakaacha kuonja, wakaanza kuagiza. Si muda mrefu Dereva akawa analisha saluni nzima, kwa malipo halali, kutoka juu ya kreti la soda.

Mambo yangeendelea hivyo hivyo kama si sufuria ya maharage. Kreti lilicheza kidogo, sufuria ikateleza, na mchuzi unaochemka ukammwagikia mapajani. Dereva aliinua sufuria, akafuta sakafu, akasikitikia maharage yake, akaanza upya. Chakula cha saluni kilifika kwa wakati. Jioni mkewe alipomsaidia kuvua suruali aende kuoga, ngozi ilitoka pamoja na kitambaa.

"Hukusikia?" mkewe akamuuliza.

"Ningesikia na nini?"

Alisema kwa mzaha, kama alivyozoea, lakini mkewe hakucheka. Alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa, kitambaa chenye maji kikimchuruzika mkononi, akayatazama yale mapaja kwa muda. Kisha akasema kwamba zamu yake ya upatu ilikuwa inakaribia, na kwamba alikuwa amepanga kununua kikaushio kipya cha nywele, kile kikubwa cha kusimama.

"Kikaushio kitangoja," alisema. "Tunajenga jiko. Na tunalijenga kwa ajili yako, ukiwa umekaa hivyo hivyo ulivyo."

*

Nyumba ile haikuwa imepata furaha ya namna hiyo kwa muda mrefu. Walipanga jiko lao kama watu wengine wanavyopanga arusi. Mkewe alinunua chaki, akamwambia Dereva asogee ukutani anyooshe mikono, ya kulia, ya kushoto, juu, chini, naye akawa anachora mstari kila vidole vilipokomea. Walipomaliza, ukuta ulikuwa na umbo kama la ndege mkubwa aliyetanua mbawa, na Dereva akatangaza kwamba huo ndio mpaka wa nchi yake: kitu chochote kitakachokaa nje ya mstari ule hakimhusu.

Alijua anachokitaka. Kaunta iwe ya chini, na chini yake pawe wazi ili magoti yake yaingie kama yanavyoingia chini ya meza. Sinki liwe la kina kifupi. Koki iwe yenye shingo ndefu, ya kugeuka huku na huku, ili ajaze maji sufuria ikiwa palepale jikoni. Na jiko lenyewe lizamishwe ndani ya kaunta, liwe sawa nayo, sufuria isiinuliwe tena maishani mwake bali isukumwe tu, kutoka motoni mpaka kwenye sinki, kama gari linavyotelezeshwa mteremkoni.

"Na wewe je?" alimuuliza mkewe. "Utainama mpaka lini?"

Mkewe alikuwa mfupi. Saluni walimtania kwamba wateja warefu huwasuka kwa simu. Alijibu kwamba tangu azaliwe hajawahi kuona kaunta iliyojengwa kwa ajili yake, zote humfika kifuani, na kwamba hii ndiyo mara ya kwanza mtu amefikiria kimo chake, hata kama ni kwa bahati mbaya.

Walikata boksi la friji walilopewa na jirani, wakalitandaza juu ya matofali, wakapata kaunta ya kadibodi. Dereva aliingiza magoti chini yake. Yaliingia. Akakaanga hewa, akakoroga hewa, akaonja, akasema chumvi haijakolea. Mkewe alicheka mpaka akaegemea ukuta, na chaki ikamganda mgongoni, akaenda nayo kazini.

*

Vifaa vilitoka kwa Kaka Mkubwa. Huyu alikuwa ndugu wa pekee wa Dereva, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na stendi, na ndiye aliyemlea tangu wazazi wao walipofariki. Aliposikia habari za jiko, hakungoja kuombwa. Saruji, nondo, vigae, sinki, koki, rangi, kila kitu kitoke dukani kwake, na asisikie mtu akitaja bei. Ni mtu aliyetoa kwa mikono miwili, na aliyechukia kushukuriwa. Kila Jumapili alifika na kifurushi cha matunda, akaketi kwenye kochi mkabala na mdogo wake, akamminya goti, akauliza kama limeshtuka hata kidogo. Dereva alimjibu, "Bado, kaka." Kisha walizungumza mengine.

Alikuwa amempeleka kwa kila daktari aliyesikia sifa zake, na kwa watu wengine ambao hawakuwa madaktari. Chumbani kwao, nyuma ya kabati, kulikuwa na magongo ya kutembelea, jozi mbili, na fremu ya chuma ya kujifunzia kusimama, zote zawadi zake. Nguo zilianikwa juu ya fremu hiyo.

Fundi waliyempata aliitwa Kesho, kwa sababu hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Kazi yake ilikuwa safi. Tatizo lilikuwa kuianza. Tatizo la pili Dereva aliligundua siku ya kwanza. Kesho alikuwa hawezi kuzungumza na mtu aliyekaa. Macho yake yalipita juu ya kichwa cha Dereva, yakatua kwa mkewe.

"Mama, na mzee angependa sinki likae upande gani?"

Dereva akajibu kwamba mzee angependa likae chini ya dirisha. Kesho akaitikia kwa kichwa kuelekea kwa mama, kama vile ukuta ndio uliosema. Dereva akaeleza habari za kaunta, akaonyesha mistari ya chaki, akaeleza kwa nini pawe wazi chini. Kesho alisikiliza huku akipapasa lipu. Mwisho akamuuliza mama kama ameridhia. Mama akasema kwamba mpishi ndiye huyo aliyekaa, yeye ni mlaji tu. Kesho akacheka sana, akidhani ametaniwa.

Lakini siku ya kubomoa ilipofika hakuna aliyekumbuka kununa. Kaunta ya mbao ilitoka vipande vipande, na mende wakatoka nyuma yake kama wanaohama mji. Majirani walikuja kuangalia. Kesho akapasua ukuta wa upande wa barabara kwa ajili ya dirisha jipya, na tofali la kwanza liliposukumwa nje, mwale wa jua uliingia na vumbi lake ukamwangukia Dereva mapajani. Hakuondoka. Alikaa palepale, kitambaa puani, tundu likazidi kupanuka, mpaka akaanza kuona barabara: kwanza tairi la baiskeli, kisha miguu ya wapita njia, kisha watu kuanzia kichwa hadi miguu. Mama muuza mitumba aliyekuwa akipita akachungulia, akamsalimia, akauliza hapo panafunguliwa nini. Dereva akamjibu kwamba panafunguliwa dunia.

*

Kidonda cha mapajani kikaharibu mpango. Kilianza kutoa maji, na daktari alipokiona hakutaka maneno mengi, Dereva akalazwa. Mkewe aliomba ruhusa kazini akawa anakaa naye wadini, na ufunguo wa nyumba akaachiwa Kaka Mkubwa amsimamie fundi.

Hata kitandani Dereva hakutulia. Alimchorea muuguzi jiko lake kwa kidole juu ya shuka. Alimweleza mgonjwa wa kitanda cha pili faida za sinki lenye kina kifupi, mgonjwa ambaye alikuwa amevunjika taya na hakuweza kumkatiza. Kila asubuhi alimpigia Kesho simu. Siku aliyoambiwa kwamba zege limemwagwa na limekaa vizuri kama meza ya waziri, alimfanya mkewe amnunulie chai kila mtu aliyekuwa karibu. Saluni nayo ilikuwa inapiga simu. Walisema wamechoka na mikate mikavu, wakauliza mgahawa unafunguliwa lini, na fundi wa simu wa mlango wa pili naye alitaka kuandikishwa.

Siku ya kuruhusiwa Kaka Mkubwa alikuja kuwachukua na pikapu ya duka. Alikuwa amenyoa, amevaa shati la kutokea, na njia nzima alipiga mluzi. Alipofika nyumbani alimshusha mdogo wake mwenyewe, akamsukuma koridoni, akamwambia afumbe macho. Dereva akafumba. Moyo ulimdunda kama wa mtoto. Alisikia harufu ya saruji mbichi na rangi, akasikia magurudumu yakipita kwenye sakafu laini, akasikia mkewe nyuma yake akivuta pumzi na kutoitoa.

"Fungua."

Lilikuwa jiko zuri. Hilo lazima lisemwe. Vigae vyeupe vilimeremeta, dirisha lilikuwa na vioo, koki ilikuwa ile ile ya shingo ndefu. Na ukingo wa kaunta, uliosuguliwa mpaka ukang'aa, ulikuwa usawa wa kidevu chake. Chini hapakuwa wazi. Palijengwa matofali na kupigwa lipu mpaka sakafuni. Dereva alisogeza kiti. Vikanyagio vya miguu viligonga ukuta. Akarudi nyuma kidogo, akasogea tena, vikagonga tena.

Mkewe akamgeukia Kesho, aliyekuwa amesimama pembeni, akamuuliza kwa sauti ya chini kama macho yake yaliiona mistari ya chaki. Kesho akatazama dari. Alisema yeye ni fundi tu, hufuata maagizo ya mwenye vifaa.

"Mimi ndiye niliyemwambia," Kaka Mkubwa alisema. Uso wake ulikuwa bado na furaha, hakuwa ameelewa. "Kaunta ya magotini ni ya kuchezea watoto. Hii ni ya kudumu. Na angalia hapa." Akapiga kofi chuma kinene kilichofungwa ukutani, juu ya kaunta, kutoka kona hadi kona. "Hiki nimekichagua mwenyewe. Ukianza kusimama utashika hapa, unajivuta taratibu. Hata jikoni utakuwa unafanya mazoezi."

Nje, kupitia dirisha jipya, lililoinuliwa nalo, ambalo Dereva akiwa amekaa hakuona ndani yake ila kipande cha mbingu, watu walipita wakizungumza. Dereva alishukuru. Alisema vigae ni vizuri, kaka amejitahidi sana. Kisha akageuza kiti, akaenda zake chumbani.

*

Mkewe alitaka nyundo siku ileile. Dereva akamzuia. Alimweleza kwamba mtu aliyekulea, akakuvalisha, akakulipia shule kabla hajajifunza kunyoa ndevu zake mwenyewe, humvunjii zawadi yake mbele ya fundi. Mkewe akamuuliza kama anapendelea kuvunja mapaja yake. Walinuniana. Jiko la gesi lilirudi juu ya kreti, na saluni wakaambiwa wavumilie kidogo. Wale waliokuwa wakipiga simu wakaacha kupiga. Dereva alikaa koridoni, mgongo kwa jiko jipya, akimenya viazi ambavyo hakuwa na hamu ya kuvipika, na kwa mara ya kwanza tangu alipotoka hospitali ile ya kwanza, ya ajali, alijihisi mgonjwa.

Jumapili Kaka Mkubwa akaja na kifurushi cha matunda. Aliona kreti. Aliliona, akalipita, akaketi, akamminya mdogo wake goti juu kidogo ya bandeji.

"Vipi, limeshtuka?"

Dereva alimwomba mkewe amsaidie kuhamia kwenye kochi. Walifanya hivyo kwa ufundi wao wa siku zote, mkono shingoni, moja, mbili, hop, naye akatua kando ya kaka yake. Kiti cha magurudumu kikabaki kitupu katikati ya sebule.

"Kaka," alisema, "keti hapo, unipikie yai."

Kaka Mkubwa alicheka kwanza. Alipoona hakuna anayecheka naye, akakitazama kile kiti kama anayeombwa avae nguo ya mwingine. Lakini hakuwa mtu wa kukataa ombi la mdogo wake. Alikaa. Tumbo lake lilibana kidogo kati ya mikono ya kiti. Akajisukuma mpaka jikoni, akagonga mlango, akagonga ukuta, akafika. Kutoka kochini Dereva aliweza kumwona kwa ubavu.

Jiko lilikuwa juu, limezamishwa kwenye kaunta kama Dereva alivyotaka, sawasawa, vizuri kabisa, nje ya macho ya mtu aliyekaa. Kaka Mkubwa aliliwasha kwa kupapasa. Akainua kikaango kwa mkono mmoja, akakisukuma juu bila kuona kilipokwenda. Akamimina mafuta kwa kukisia. Yai la kwanza alilipasulia kwenye ukingo, likachuruzika kwenye vigae vyeupe taratibu, likaingia mfukoni mwa shati lake. La pili likaingia kikaangoni, na mafuta yakaruka, yakamdondokea karibu na jicho. Akashtuka. Kiwiko kikagonga mpini, kikaango kikayumba, kikaanza kuteleza kumwelekea usoni.

Kaka Mkubwa akasimama.

Alisimama bila kufikiri, kama mtu yeyote angefanya, akakidaka kikaango, akakirudisha, akazima moto. Kila kitu kikawa salama. Kisha akabaki vile vile, mkono juu ya swichi ya jiko, akitazama miguu yake miwili iliyokanyaga sakafu mbele ya kiti. Aliitazama kwa muda mrefu sana. Mafuta yaliendelea kuchachatika, yakapungua, yakanyamaza.

"Umeona?" Dereva akasema.

Kaka Mkubwa hakugeuka. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea mbele ya wazazi.

"Nikimwacha fundi ajenge chini, ni kama mimi ndiye niliyesema kwamba hutasimama."

"Hujasema wewe. Madaktari walishasema, na mimi nilishasikia. Umebaki wewe peke yako."

"Huwezi kujua."

"Kila Jumapili ukiniminya goti nakwambia bado," Dereva akasema. "Nimekuwa nikikwambia bado ili usiumie. Leo nakwambia basi, kaka. Miguu basi. Lakini nina mikono, nina ulimi, na nina watu wanaongoja chakula changu. Nitafutie mahali pa kupikia."

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa cha kufutia yai, hakuingia. Kaka Mkubwa alikaa tena, safari hii si kwa kuagizwa. Alikifunika kiti chote kwa ukubwa wake. Mabega yakamtikisika. Alilia kwa sauti, kama mtu mzima asiyejua kulia anavyolia, na mdogo wake hakuwa na namna ya kumfikia, kwa kuwa kiti kilikuwa chini ya kaka. Akangoja palepale kochini. Alijua kwamba kaka yake alikuwa anazika kitu, na kwamba mazishi hayaharakishwi.

*

Siku iliyofuata Kaka Mkubwa alifika asubuhi mapema na nyundo kubwa kutoka dukani, lebo ya bei ikiwa bado imening'inia kwenye mpini. Kesho naye alikuwa ameitwa, na kwa mara ya kwanza katika historia alikuja siku aliyosema. Alianza kueleza kwamba vigae hivi vinaweza kuokolewa kwa tindo, pole pole. Kaka Mkubwa akamwambia asogee pembeni.

Pigo la kwanza lilipasua kigae kimoja tu. La pili likaingia kwenye zege. La tatu likaangusha kipande kizima cha ukingo, na Dereva, aliyekuwa ameegesha mlangoni, akapiga makofi bila kujijua. Hapo furaha ikarudi ndani ya ile nyumba kama maji yaliyofunguliwa valvu. Mkewe akaomba zamu. Nyundo ilikuwa kubwa kuliko yeye, ikamzungusha, akapiga ukuta usiohusika. Wasusi wenzake wawili wakapita, wakaingia, wakapiga na wao. Kesho alisimama kando akiwa ameshika kichwa, akitazama kazi yake nzuri ikigeuka kifusi, na alipoulizwa kama hataki kupiga hata mara moja, aliwaza kidogo, akachukua nyundo, akapiga kwa nguvu kuliko wote.

Kisha akafanya jambo ambalo Dereva hakulitarajia. Alichuchumaa. Alichuchumaa mpaka macho yake yakawa sawa na macho ya aliyekaa kwenye kiti, akatoa penseli nyuma ya sikio.

"Haya, bosi," alisema. "Nielekeze."

Walijenga upya. Safari hii Dereva alikuwa ndani ya kazi kutwa nzima, magoti yake yakitumika kama kipimo. Kila Kesho alipoweka ubao wa kushikilia zege, Dereva aliingia chini yake, akatoka, akasema ongeza kidogo, punguza kidogo. Dirisha nalo likashushwa. Kaka Mkubwa alifunga duka mchana, akavua shati la kutokea, akachanganya zege mwenyewe kwa sepetu, akitokwa jasho na kuzozana na Kesho kuhusu kokoto. Walipofika kwenye kile chuma cha ukutani, Kesho akauliza kama akikate. Dereva akasema hapana, kishushwe tu, kinafaa kutundikia miiko na vifuniko. Kaka Mkubwa akainama akajifanya anatafuta sepetu ambayo alikuwa ameishika mkononi.

Vigae vyeupe vilikuwa vimekwisha. Vilivyobaki dukani vilikuwa mabaki ya rangi mbalimbali: kijani, njano, bluu nzito. Mkewe akavipanga kama anavyopanga mistari ya nywele, akisogea nyuma kutazama, akirudi kubadilisha, akimfokea Kesho kila alipotaka kuharakisha. Vilipokauka na kufutwa, jirani mmoja alisema linafanana na jiko la sherehe. Hakuna aliyejua jiko la sherehe ni nini, lakini wote walikubali kwamba ndilo hilo.

Siku ya kufungua maji walijazana humo ndani kama ndani ya basi. Koki ilikohoa, ikatema hewa, ikatema kutu, kisha maji meupe yakatoka. Dereva alivuta shingo ya koki juu ya sufuria iliyokuwa jikoni, akaijaza palepale. Hakuinua kitu. Akaingiza magoti chini ya kaunta, akasukuma sufuria kwa kidole kimoja, moto upande huu, sinki upande ule, na sufuria ikateleza kama ilivyoagizwa. Alirudia. Alirudia tena. Mkewe akamuuliza anapika au anacheza, akajibu kwamba hajui na hataki kujua.

*

Siku ya kwanza ya kupikia saluni katika jiko jipya, oda zilikuwa nyingi kuliko alivyotegemea. Fundi wa simu alikuwa ameleta wenzake. Mama muuza mitumba alisimama dirishani kwa nje, bakuli mkononi, akisema yeye hakuandikishwa popote ila pua yake imemleta. Dereva alikuwa na supu ya nyama upande mmoja na viazi vya nazi upande wa pili, vitunguu vikikaangika katikati, na mikono yake ilikwenda kulia na kushoto bila yeye kuitazama, kama zamani alipobadilisha gia. Aliimba. Mkewe alikuja mbio kutoka kazini kuchukua vyakula, akambusu utosini mbele ya kadamnasi, akaondoka na kikapu kikimvutia upande mmoja.

Saa ya mchana Kaka Mkubwa alipita kutoka dukani. Alisema amekuja kuona tu kama koki haivuji. Aliambiwa haivuji, ila vyombo vimejaa na hakuna mkono wa kuviosha. Akakunja mikono ya shati bila kusema neno, akasimama mbele ya sinki, akaanza kazi. Sinki lilikuwa chini sana kwake. Aliinama, akainama zaidi, akapanua miguu, akajaribu kuegemea ukuta. Baada ya sahani chache alinyooka akishika kiuno.

"Mgongo wangu," alisema. "Nani kajenga sinki hili?"

"Wewe," Dereva akamjibu, akigeuza viazi.

Mama muuza mitumba akacheka dirishani.

"Vuta kiti, kaka," Dereva akasema.

Kulikuwa na kiti cha mbao pembeni, cha kawaida. Kaka Mkubwa akakivuta, akaketi, magoti yake yakaingia chini ya kaunta kando ya magoti ya mdogo wake. Mabega yao yakawa sawa. Kwa dirisha lile wote wawili waliona barabara ileile, watu wakipita, jua limewaka. Kaka Mkubwa alionekana kutaka kusema jambo. Dereva hakumpa nafasi. Oda zilikuwa zinangoja. Akaikomba sufuria ya supu, akaulamba mwiko, na kwa kidole kimoja akamsukumia sufuria aioshe.